Klabu Bila Meza

Klabu ya huduma huanzia mezani. Moyo wa kusaidia upo, sikatai, lakini moyo peke yake haumtoi mhasibu wa Upper Hill ofisini saa sita na nusu ya mchana, wiki baada ya wiki, kwa miaka ishirini. Kinachomtoa ni meza ile: hoteli ile ile, siku ile ile, kuku yule yule wa bafe. Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, msemaji wa siku anapewa dakika ishirini zake, kisha sajenti wa klabu anazunguka na kikapu akitoza faini. Umechelewa, faini. Simu yako imelia, faini. Picha yako imetoka gazetini, faini, tena kubwa zaidi kwa sababu umejipatia sifa bila kugharimia. Watu wanacheka, pesa zinaingia, na kabla ya saa nane mtu mmoja amejitolea kutafuta bei ya matangi ya maji kwa shule fulani ya Kajiado. Kwa njia hiyo visima vimechimbwa, viti vya magurudumu vimenunuliwa, watoto wamelipiwa karo.

Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930, robo karne baada ya wakili Paul Harris kuanzisha klabu ya kwanza Chicago mwaka 1905. Klabu ya Nairobi ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika Mashariki, katika mji ambao Mwafrika alitembea na kipande cha kitambulisho shingoni. Lions nao walizaliwa Chicago, mwaka 1917. Wanawake walisubiri hadi 1987 kukubaliwa rasmi upande wa Lions na 1989 upande wa Rotary. Baadaye klabu zilitoka katikati ya jiji zikaufuata mji ulikokuwa ukitanuka: Hurlingham, Parklands, Lang'ata, Karen, Lavington. Zilibeba meza zao. Na kwa muda mrefu sheria ya Rotary kuhusu meza ilikuwa kali. Ukikosa mikutano minne mfululizo bila kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine, uanachama wako ulikuwa mashakani. Ni mwaka 2016 tu ambapo baraza la kutunga sheria la Rotary lililegeza kamba, likaziruhusu klabu kukutana mara chache zaidi na hata kupitia mtandao. Klabu nyingi za Nairobi ziliisoma ruhusa hiyo, zikaiweka kabatini. Nani angetaka kula bafe kwenye kompyuta?

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Ndani ya siku chache mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mikahawa ikabaki kuuza chakula cha kubeba. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi yenyewe ikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Hoteli za katikati ya jiji zikazima taa za kumbi zao. InterContinental, jirani wa Bunge, iliyokuwa imelisha mikutano ya kila aina kwa takriban nusu karne, haikuziwasha tena, kwani mwaka huo huo ilitangaza kwamba inafunga kabisa.

Basi klabu zikabaki bila meza. Hapo ndipo ilipoonekana ipi ilikuwa na kingine zaidi ya meza.

Ili kuelewa kazi iliyokuwa ikiwangoja, ni lazima mtu aujue upande wa magharibi wa Nairobi ulivyopangwa, maana hapa utajiri na ufukara havitenganishwi na safari ndefu. Kawangware na Lavington zimegusana. Kangemi imekaa bondeni, ukingoni mwa Loresho na Mountain View, umbali mdogo tu kutoka maduka makubwa ya Westlands. Kibera iko upande wa pili wa barabara kutoka Woodley, na ukiruka Mto Ngong uko Lang'ata. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra, idadi ambayo mashirika mengi yaliipokea kwa aibu kidogo, yakiwa yamezoea kuandika milioni moja katika maombi yao ya fedha.

Na mitaa hii miwili-miwili imeshonwa pamoja na kazi. Kila asubuhi kabla ya korona, kina mama walishuka kutoka Kawangware na Kangemi, wakakaa kwenye ukingo wa barabara nje ya mageti ya Kileleshwa na Kilimani wakisubiri kuitwa kufua. Mama fua hana mkataba, hana NSSF, hana namba ya mwajiri. Ana geti analolijua na mlinzi anayemjua. Wiki ya mwisho ya Machi mageti yakafungwa. Notisi zikabandikwa: wafanyakazi wa kutwa wasiingie. Wenye nyumba walikuwa wanajikinga, na kwa ugonjwa ambao haukuwa na tiba wala chanjo, sioni kama walikosea. Lakini njaa ya Kawangware mwezi wa Aprili haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye zile notisi, na baadhi ya waliozibandika walikuwa wanachama wazuri wa klabu za huduma, ambao jioni ile ile walikuwa wakichanga pesa za kununulia unga.

Jambo la kwanza klabu zililofanya lilikuwa lile zililojua kufanya: vifurushi. Kila mtu aliyewahi kutoa msaada Nairobi anakijua kifurushi. Pakiti mbili za unga wa ugali za kilo mbili, maharagwe, mchele, mafuta ya kupikia, sukari, majani ya chai, sabuni ya mche. Safari hii barakoa ziliongezwa, kwa sababu kanuni za Aprili ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita kwa atakayepatikana hadharani bila kufunika mdomo na pua, katika mji ambao kibarua wa mjengo alikuwa hapati hata elfu moja kwa siku. Vifurushi vilipakiwa kwenye magari ya wanachama, bango likatandazwa mbele, picha ikapigwa, msafara ukaondoka.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili. Katika ofisi za utawala huko Kibera umati uliokuwa ukisubiri chakula ulisukumana hadi watu wakakanyagwa. Polisi wakarusha vitoa machozi. Waliojeruhiwa walibebwa, na picha zao zikaenea dunia nzima kabla ya jua kutua: wanawake waliolala chini kando ya unga walioufuata. Serikali ikatoa amri kwamba misaada isigawiwe ovyo mitaani na kila mwenye gari, ipitie kwenye kamati zake. Wapo waliolalamika kwamba amri hiyo ilitaka kuziba njia ya wema ili sifa zibaki serikalini. Huenda. Lakini hata bila amri, ugawaji wa foleni ulikuwa umekufa siku ile. Huwezi kuwaita watu elfu mahali pamoja na wakati huo huo ukawaambia wasikaribiane.

Hapa ndipo klabu zilipolazimika kujifunza kitu ambacho meza haikuwahi kuzifundisha, yaani orodha. Nani hasa ana njaa? Mwanachama wa Lavington alikuwa akiishi mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka kwa watu aliotaka kuwasaidia, na nje ya mtu anayefua nguo zake hakujua jina hata moja. Walioyajua majina walikuwa watu wa ngazi ya chini kabisa: mzee wa kijiji, wawakilishi wa nyumba kumi, mchungaji wa kanisa la mabati, imamu, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya binafsi iliyofungwa, na zaidi ya wote wahudumu wa afya wa jamii, ambao wengi wao walikuwa wanawake waliozunguka nyumba hadi nyumba kwa posho isiyo na uhakika. Mhudumu wa namna hiyo anamjua mjamzito wa ploti ya tatu, mzee anayemeza dawa za kifua kikuu na hawezi kuzimeza bila chakula, na baba aliyeachishwa kazi hotelini ambaye hatasimama kwenye foleni hata akifa njaa kwa sababu ya haya.

Orodha hazikuwa safi. Mzee wa kijiji ana ndugu. Chifu ana marafiki, na mwenye nyumba ana wapangaji ambao angependa wapate msaada ili walipe kodi. Klabu zenye akili ziliomba orodha mbili kutoka kwa watu wawili wasiopatana, halafu zikaangalia majina yaliyojitokeza kote. Ni ujanja wa kihasibu, na sishangai, kwani klabu hizi zimejaa wahasibu.

Orodha ikishapatikana, chakula kilibadilika kuwa pesa. Tarehe 17 Machi Safaricom, baada ya mazungumzo ya Rais na Benki Kuu, ilikuwa imeondoa ada ya kutuma kwa M-Pesa kiasi chochote kisichozidi shilingi 1,000, na nafuu hiyo iliendelea hadi mwisho wa Desemba 2020. Nia ilikuwa kupunguza watu kushikana noti. Kwa mweka hazina wa klabu ilikuwa kama kupewa lori la bure. Angeweza kukaa sebuleni Hurlingham baada ya saa moja ya kafyu na kutuma shilingi elfu moja kwa familia moja baada ya nyingine bila kupoteza senti, bila kukodi gari, bila kibali cha kutembea, bila mtu kukanyagwa. Aliyepokea akienda kwa wakala kutoa pesa alikatwa ada, lakini akimlipa mama mboga moja kwa moja kwa simu, naye hakukatwa kitu. Elfu ile ilizunguka Kawangware. Unga wa kifurushi ulinunuliwa kwa jumla kwenye ghala la Eneo la Viwanda, na mama mboga hakupata hata shilingi.

Nilisema ya kwamba klabu zilijifunza, na sehemu ya mafunzo hayo ilikuja kwa namna ya kuchekesha ambayo haikuwachekesha waliohusika. Mweka hazina alipiga simu kuthibitisha.

"Mama, pesa imeingia?"

"Imeingia, mwanangu. Lakini Fuliza imeikula yote."

Fuliza ni mkopo mdogo wa M-Pesa ulioanzishwa Januari 2019: salio lako likipungua, mtandao unakukamilishia, na pesa yoyote itakayoingia baadaye inakatwa deni kwanza, papo hapo, bila kuulizwa. Kufikia Aprili 2020 watu wasiokuwa na kazi walikuwa wamefuliza hadi mwisho. Ukimtumia mtu kama huyo elfu moja, umemlipia deni lake tu. Dawa yake ilikuwa rahisi baada ya kuigundua: uliza kwanza, na kama kuna deni, tuma kwa laini ya binti yake au kwa duka analokopa. Lakini ilibidi uulize, na kuuliza kunataka mazungumzo, na mazungumzo yanataka uheshimiane na mtu kiasi cha yeye kukuambia aibu yake ya pesa. Foleni ya unga haikuwahi kumdai yeyote heshima hiyo. Kwa maoni yangu, simu zile fupi za usiku, mweka hazina na kalamu yake, mama na deni lake, ndizo kazi bora zaidi ambazo klabu za Nairobi zilifanya mwaka ule, na hakuna aliyezipiga picha.

Kuhusu maji nina mashaka zaidi. Kila shirika lililokuwa na bajeti lilinunua matangi ya kunawia mikono, klabu zikiwemo. Tangi la plastiki juu ya kigoda cha chuma, mfereji chini, chupa ya sabuni ya maji imefungwa kwa kamba, na nembo ubavuni. Makao makuu ya Rotary yalikuwa yamefungua mlango wa ruzuku za maafa za hadi dola 25,000 kwa kila wilaya ya Rotary kwa ajili ya korona, na tangi ni kitu kizuri kuandika katika ombi kwa sababu linahesabika. Ubunifu ulikuwa mwingi. Mtoto wa miaka tisa kutoka Bungoma alitunukiwa na Rais mwezi Juni kwa mashine yake ya mbao ya kukanyaga kwa mguu, ambayo mtu ananawa bila kugusa chochote, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakichomelea za chuma za mtindo huo huo kando ya barabara.

Shida ya tangi ni nani atalijaza. Katika mtaa ambako mtungi wa lita 20 hununuliwa, tangi la lita mia ni mitungi mitano kila linapokauka, na lililo kituo cha matatu linakauka kabla ya adhuhuri. Halmashauri ya Huduma za Jiji iliyoshika usukani Machi mwaka huo chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi ilichimba visima katika mitaa ya mabanda, jambo lililosaidia pale kisima kilipokuwa karibu. Kwingineko matangi yalisimama makavu na nembo zake. Yaliyodumu yalikuwa yale yaliyowekwa mbele ya duka au zahanati ambako mtu mmoja alilipwa kidogo kuyajaza, ama yale ambayo vijana wa maskani waliyachukua kuwa yao. Klabu zilizonunua matangi machache na kutenga pesa za maji ya miezi sita zilionekana kuwa bahili wakati ule. Zilikuwa zimepiga hesabu sawa.

Si kila kazi ingeweza kuhamishiwa kwenye simu. Huko Loresho iko Lions SightFirst Eye Hospital, hospitali ya macho ya Lions, tunda la wito ambao Helen Keller aliwapa Lions huko Ohio mwaka 1925 wawe watetezi wa vipofu. Kazi ya namna hii inategemea kambi: madaktari wanakwenda kaunti za mbali, wanapima mamia ya watu chini ya hema, na wenye mtoto wa jicho wanapandishwa basi hadi Nairobi, wanapasuliwa, wanarudishwa wakiona. Kila kiungo cha mnyororo huo kilikuwa kimeharamishwa. Kambi ni mkusanyiko. Basi limejaa. Mpaka wa Nairobi umefungwa hadi Julai. Mgonjwa mwenyewe ni mzee, yaani yule ambaye kila redio ilikuwa ikimwonya asitoke nyumbani.

Mtoto wa jicho anaweza kungoja miezi. Anayengoja ni bibi anayeongozwa na mjukuu, lakini jicho litakuwapo. Presha ya macho haingoji, kwa kuwa kilichokufa kwenye mshipa wa fahamu wa jicho hakirudishwi na upasuaji wowote. Hospitali za macho kote duniani ziliahirisha yasiyo ya dharura, na wafadhili wakahamishia macho yao kwenye barakoa na oksijeni. Naona kwamba huu ndio upande wa mwaka 2020 uliozungumzwa kidogo mno katika klabu: kila shilingi iliyokimbilia korona ilitoka mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na mgonjwa. Benki za damu ni mfano mwingine. Damu nyingi ya Kenya hutolewa na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zilipofungwa chupa zikaisha, na wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua hawakuwa wamesitisha uzazi kwa sababu ya kafyu. Klabu zilizokuwa na mazoea ya kuendesha siku za kuchangia damu zililazimika kubembeleza watu wazima, ambao huogopa sindano kuliko wanafunzi.

Na mkutano? Ulihamia Zoom, kama kila kitu. Kwa anayetumia akaunti ya bure, chombo hicho hukata mkutano baada ya dakika 40, na hiyo ikawa neema, kwa maana wasemaji walifupisha. Kengele iligongwa mbele ya kamera. Faini zililipwa kwa M-Pesa, ingawa hazikuchekesha tena. Mzaha unataka meza. Wazee wa klabu walisikika wakiuliza kama wanasikika. Stima ilipotea katikati ya hotuba. Ila klabu ya Nairobi sasa iliweza kumwalika daktari kutoka Toronto au mwanachama wake wa zamani aliyehamia Leicester, na mwezi Juni Rotary nzima ilifanya kongamano lake la mwaka, lililopangwa kufanyika Honolulu, kwenye skrini kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tarehe 25 Agosti, wengine wakiwa bado kwenye viti vyao vya kulia nyumbani, ilitangazwa kwamba Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani haina tena polio ya asili. Rotary ilikuwa imeifanyia kazi kampeni hiyo tangu 1985. Wanachama waliotembea nyumba kwa nyumba na vikasha vya chanjo kwa miaka thelathini walipongezana kwa kuinua vidole gumba kwenye vidirisha vidogo.

Mafunzo yale ya polio yalihitajika haraka kuliko walivyodhani. Dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca zilitua Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021, na tarehe 5 Dakta Patrick Amoth, Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, akawa wa kwanza kuchanjwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uvumi ulikuwa umeshatangulia. Wale waliowahi kubishana na akina baba wa Kangemi kuhusu matone ya polio walijua kwamba uvumi haumalizwi na bango, unamalizwa na mhudumu yule yule anayejulikana, akirudi mara ya tatu. Kisha India ikasimamisha kuuza chanjo nje, dozi ya pili ikachelewa, na waliokuwa wameshawishika wakaanza kuuliza maswali ambayo hakuna klabu ingeweza kuyajibu.

Tarehe 26 Machi 2021 Nairobi ilifungwa tena, pamoja na Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru. Safari hii hakuna aliyepakia malori. Mweka hazina alifungua orodha ya mwaka uliopita na kuanza kupiga simu. Namba nyingi hazikupatikana. Watu walikuwa wamerudi mashambani, wamebadilisha laini, wamehamia vyumba vya bei nafuu. Orodha ililazimika kuandikwa upya, na waliojua kuiandika walikuwa wale wale.

Kuna jambo moja ambalo klabu bado hazijalizungumza vya kutosha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na kamishna wake wa kwanza aliapishwa mwaka mmoja baadaye, katikati ya korona. Wakati huo huo majina ya familia maskini, namba zao za kitambulisho, namba za simu, hali zao za kiafya, na nani ana deni la Fuliza, vilikuwa vikitumwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanachama, vikapakuliwa, vikasahaulika kwenye simu ambazo baadaye zilipewa watoto au kuuzwa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Sasa mikutano imerudi hotelini, kwa klabu nyingi ikibadilishana wiki moja ana kwa ana na wiki moja mtandaoni, na ajenda ina mambo mengi. Ningependa kuona klabu moja ya Lavington ikitenga chakula cha mchana kimoja, ikamwalika mhudumu wa afya kutoka Kawangware akae mezani kama msemaji wa siku, na kumuuliza orodha zile ni za nani sasa, na nani anapaswa kuzifuta.